Kuuza Nyumba kwa Haki: Mambo Ambayo Mnunuzi Hana Budi Kuambiwa



Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya biashara moja ambayo wengi wetu huifanya mara moja tu katika maisha, na wengine hawaifanyi kabisa, nayo ni biashara ya kuuza nyumba. Auzaye samaki sokoni huuza kila siku, na akimdanganya mtu leo, kesho mtu huyo hupita mbele ya meza yake bila kumsalimu, akaenda kwa mwingine. Hivyo soko lenyewe humfunza adabu. Lakini auzaye nyumba hana kesho. Akishapokea fedha na kutia sahihi yake, aghalabu hamwoni tena mnunuzi wake; wala mnunuzi hana njia ya kwenda kununua nyingine, maana katika nyumba ile moja ametia akiba ya miaka ishirini, au kiinua mgongo chake chote, au fedha za mkopo ambazo atazilipa mpaka uzeeni. Basi biashara hii, iliyo kubwa kuliko zote kwa mtu wa kawaida, ndiyo ambayo soko halina fimbo ya kumrudi muuzaji.

Wazee wetu walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nyumba nayo ni vivyo hivyo. Mtu aweza kuizunguka saa nzima, akagonga kuta, akachungulia darini, akafungua bomba la maji, na bado asijue ya kuwa siku za kusi mvua hupenya dirisha la chumba cha watoto, au kwamba shimo la choo hujaa kabla ya wakati wake, au kwamba jirani wa nyuma amekwisha peleka shauri barazani juu ya mpaka. Mambo hayo yote yamo kichwani mwa mwenye nyumba peke yake. Mnunuzi anaponunua, hanunui kuta na mabati tu. Ananunua mahali pa kuishi, na habari za kuishi mahali pale anazo muuzaji.

Yafaa tuzigawe dosari za nyumba mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile zinazoonekana kwa macho: ufa ukutani, bati lenye kutu, mlango ulioliwa, njia mbovu ya kufikia. Hizo mwenye nyumba halazimiki kuzipigia mbiu. Mnunuzi ana macho yake, na ikiwa hana ujuzi wa ujenzi, na aje na fundi. Wala si vibaya muuzaji kuisifu mali yake, akisema kwamba baraza yake yapata upepo wa jioni na kwamba msikiti, au kanisa, au shule iko karibu. Kila mtu anajua ya kuwa mwenye mali husifu mali yake. Fungu la pili ni zile dosari ambazo mwenyewe anazijua, na mnunuzi, hata akitazama kwa uangalifu wa kawaida, hawezi kuzivumbua. Hapa ndipo ulipo wajibu wa kusema, na hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, tena watu ambao katika mambo mengine wasingechukua hata senti ya mwenzao.

Chukueni mfano wa nyumba za mawe za mwambao wetu, kama zile za Mji Mkongwe wa Unguja, za Lamu, za Mombasa na za Pangani. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa na udongo, na dari zake zimelala juu ya boriti za mikoko. Vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu boriti hazizidi sana mita 3. Ukuta wa namna hii hunywa unyevu kutoka ardhini, kisha huutoa polepole kwa njia ya chokaa. Fundi asiyeufahamu huja akaupaka lipu ya saruji, ukang'aa na kunyooka. Lakini saruji huyafungia maji ndani, na chumvi hula mawe mahali pasipoonekana. Na vichwa vya boriti, ambavyo vimezikwa ndani ya ukuta ule ule wenye unyevu, ndivyo vinavyooza kwanza. Ukiwa chini waitazama dari, waiona boriti nzima kabisa. Nani basi ajuaye ya kuwa imeoza? Ni yule ambaye kila asubuhi huona unga mwembamba wa mti umeanguka sakafuni karibu na ukuta, akaufagia. Na siku anayokuja mnunuzi hufagia mapema zaidi.

Nyumba ya kale haianguki kwa siku moja. Huanza kuanguka miaka mingi kabla, kimya kimya, na wakaao ndani husikia. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba lililojengwa mwaka wa 1883, ilianguka hali kazi ya kulitengeneza inaendelea, na watu wawili wakafa. Jumba lile halikuwa likiuzwa, lakini nalitaja ili mwenye nyumba ya mawe asidhani ya kuwa ufa alioufunika kwa chokaa ni jambo la uzuri tu.

Tena nyumba za Mji Mkongwe zina jambo jingine ambalo mgeni halijui. Mji ule uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2000, na tangu mwaka wa 1985 ina mamlaka yake ya hifadhi, ambayo bila ruhusa yake mtu hawezi kuvunja ukuta au kuongeza ghorofa. Muuzaji anayemwambia mnunuzi kutoka bara, "Hapa waweza kupandisha ghorofa mbili za wageni," naye anajua ya kuwa ruhusa haitatoka, amemwuzia hewa.

Sasa tuache mawe na boriti, tuje kwenye makaratasi, maana dosari kubwa kuliko zote hazimo ukutani bali zimo katika hati. Katika Tanzania Bara ardhi yote ni ya umma, naye Rais ameishika kwa niaba ya wananchi. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 1999. Mtu hupewa haki ya kuikalia kwa miaka isiyozidi 99, na wengine hupewa miaka 33 au 66. Kwa hiyo auzaye nyumba yenye hati ya miaka 33 iliyobakiwa na miaka minne hauzi kitu kile kile aonacho mnunuzi asiyeuliza. Mwambie. Mwambie pia kama kodi ya ardhi haijalipwa, na kama hati iko benki kwa rehani. Ikiwa nyumba ndiyo makao ya mume na mke, Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 1971 yataka ridhaa ya mwenzi kabla ya kuuzwa. Na mume auzaye huku mkewe amesafiri kwao ana jambo la kumwambia mnunuzi, hata kama hati ina jina lake peke yake. Ikiwa nyumba ni ya mirathi, warithi ni wangapi, na msimamizi wa mirathi amewekwa na mahakama au la? Na kama ni ardhi ya kijiji, je, Halmashauri ya Kijiji imekubali?

Huko Mombasa, katika mitaa ya zamani kama Majengo, iko desturi ambayo mtu wa bara huistaajabia: nyumba ni ya huyu na kiwanja ni cha yule. Mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi kodi, na akiuza huuza kuta na paa tu. Katika Ng'ambo ya Unguja nako ilikuwa hivyo, na katika miaka ya 1920 watu waliigomea kodi ile. Mwenyeji hahitaji kuambiwa, ameizoea tangu utotoni. Lakini mgeni akija, akalipa bei ya nyumba na ardhi, na muuzaji akazipokea fedha zile huku akijua alivyoelewa mwenziwe, basi amedanganya, ijapokuwa hakutamka neno hata moja la uongo.

Na barabara! Katika Tanzania Sheria ya Barabara ya mwaka wa 2007 iliipanua hifadhi ya barabara kuu, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kuanzia katikati. Nyumba nyingi zilizokuwa salama jana zikajikuta ndani. Mwaka wa 2017 nyumba nyingi kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, zilibomolewa. Kwanza huja watumishi wa serikali na kopo la rangi nyekundu, wakaandika alama ya X ukutani. Kisha hupita muda, pengine mwezi, pengine mwaka, pengine miaka mingi. Katika muda ule mwenye nyumba fulani hununua kopo lake mwenyewe la rangi, nyeupe, akaifuta ile alama, akamwita dalali.

Msidhani ya kuwa hila hii imezaliwa kwetu. Cicero, mwanasheria na msemaji mkubwa wa Rumi ya kale, aliandika mwaka wa 44 kabla ya Masihi kitabu cha kumfunza mwanawe juu ya wajibu wa mtu, na ndani yake asimulia kisa hiki. Mtu mmoja, jina lake Claudius Centumalus, alikuwa na nyumba ndefu juu ya kilima. Makuhani waliotazama ishara za ndege wakaona ya kuwa urefu wake wawazuia kutazama mbingu, wakamwamuru aibomoe sehemu ya juu. Claudius hakubomoa. Akaitangaza nyumba kuwa inauzwa, akainunua Calpurnius Lanarius. Haukupita muda makuhani wakampa Calpurnius amri ile ile, naye akatii, akabomoa. Baadaye akapata habari ya kuwa mwenziwe aliiuza nyumba baada ya kuamriwa, akampeleka mbele ya mwamuzi Marcus Cato. Cato akahukumu hivi: kwa kuwa muuzaji alilijua jambo lile wakati wa kuuza asiliseme, ni juu yake kuilipa hasara. Tangu hukumu ile imepita zaidi ya miaka elfu mbili, nami sijaona hoja ya kuipindua.

Katika kitabu kicho hicho Cicero aeleza ubishi wa wanafalsafa wawili, mwalimu na mwanafunzi wake, juu ya nyumba mbovu: mbao zake zinakaribia kuanguka, nyoka huonekana vyumbani, wala hapana ajuaye ila mwenyewe. Mwalimu, Diogenes wa Babeli, alisema ya kuwa kutokusema si kuficha; mnunuzi hakulazimishwa kununua. Mwanafunzi, Antipater, akajibu ya kuwa kumwacha mtu akajitupe katika hasara kwa macho yaliyofumbwa ni vibaya kuliko kukataa kumwonyesha njia aliyepotea. Cicero mwenyewe alikuwa upande wa mwanafunzi. Mimi nami ni upande huo, walakini sikuwa huko siku zote, kama mtakavyosikia.

Sheria za nchi zetu zilikwisha kupambanua jambo hili kwa maneno ya wazi. Sheria ya Kuhamisha Mali iliyotungwa India mwaka wa 1882, ambayo ililetwa huku na Waingereza, ilimlazimisha muuzaji wa ardhi au nyumba amfunulie mnunuzi kila dosari kubwa ya mali, au ya hati yake, ambayo muuzaji aijua na mnunuzi haijui wala asingeweza kuigundua kwa uangalifu wa kawaida. Sheria hiyo ilitumika Kenya mpaka mwaka wa 2012, na Tanzania Bara mpaka ilipoanza kutumika sheria mpya ya ardhi mwaka wa 2001. Sheria ya Mikataba ya Tanzania nayo yasema ya kuwa kunyamaza tu si udanganyifu, isipokuwa pale ambapo mtu ana wajibu wa kusema. Lakini kukificha kitu kwa tendo, na hali unakijua, ni udanganyifu, na aliyedanganywa aweza kuuvunja mkataba. Angalieni tofauti hiyo. Mtu aliyeacha alama ya maji ukutani akanyamaza ana la kujitetea. Mtu aliyeipaka rangi hana. Yeye amenyamaza na brashi mkononi.

Waislamu wa mwambao wana kanuni ambayo ni ya zamani kuliko zote hizo za Waingereza: mnunuzi akiona ila ya siri iliyokuwako kabla ya kununua, ana hiari ya kukirudisha kitu. Na katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi mwambaoni, muuzaji wa nyumba hajiokoi kwa kusema, "Nakuuzia na ila zake zote, usije kwangu tena." Kila mwanafunzi wa chuo anakijua kisa cha Mtume aliyetia mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta chini yake kumelowa, muuzaji akasema ya kuwa ni mvua, naye akamwuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu, watu waione.

Sasa nitawasimulia jambo ambalo nalionea haya. Lakini nisipolisema nitakuwa nalifanya lile lile ninalolikataza.

Marehemu baba yetu alituachia nyumba Dar es Salaam, pembezoni mwa Bonde la Msimbazi. Mto ule, kwa miezi mingi ya mwaka, ni kijito ambacho mtoto aweza kukivuka bila kulowesha kaptula yake. Ndani ya sebule yetu, kiasi cha magotini, palikuwa na mstari wa rangi ya kahawia uliozunguka kuta zote nne. Ni maji yaliyouandika, katika mvua za mwaka mmoja tulipokuwa vijana. Mwaka wa 2009 tuliamua kuiuza nyumba tugawane mirathi. Kaka yangu mkubwa akamwita mpaka rangi. Hakusema kwa nini, wala sisi hatukuuliza. Mwezi ulikuwa Agosti, jua kali, vumbi tupu.

Akaja mnunuzi, mama mmoja aliyekuwa muuguzi akastaafu. Akaizunguka nyumba, akaipenda. Mwisho akasimama mlangoni, akalitazama bonde kwa muda, akasema, "Wanangu, maji hayafiki hapa?" Kaka yangu akatabasamu, akamjibu kwa heshima, "Mama, sisi tumezaliwa humu, tukakulia humu." Mama akacheka, akaridhika. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kaka, nikayatazama maembe yaliyokuwa juu ya mti wa jirani.

Lipimeni neno lile la kaka. Halikuwa uongo, kweli tulizaliwa mle. Lakini mama hakuuliza tulizaliwa wapi. Aliuliza juu ya maji, akapewa kweli nyingine iliyokatwa kwa kipimo cha swali lake, akaivaa. Tangu siku ile nimezisikia nyingi za jinsi hiyo. "Hatujapata kugombana na jirani yeyote," asema mtu ambaye jirani yake yuko safarini mwaka wa pili. "Hati ninayo," asema mwenye nakala tu, na hati yenyewe i benki. "Paa ni jipya," na kweli mabati ni mapya, ila kenchi zimeliwa na mchwa. Uongo mtupu ni rahisi kuukamata, na wengi wetu twauogopa. Kweli ya namna hii haituogopeshi, na hivyo hutudhuru zaidi.

Mvua ya Desemba 2011 wengi wenu mnaikumbuka. Ilianza tarehe 20, na katika siku chache watu wasiopungua 40 walikufa katika mji wa Dar es Salaam, na maelfu walikosa makao. Baadaye serikali iliwapa baadhi yao viwanja Mabwepande. Mama yule hakufa. Vijana wa mtaani walimpandisha juu ya paa pamoja na mjukuu wake, nao walikaa huko usiku kucha. Kaka na mimi tulimkuta katika shule moja ambamo watu wa mafuriko walikuwa wamewekwa. Tulichukua mchele na mablanketi. Akatupokea vizuri, akatuita wanangu kama siku ile, akatutengea nafasi kwenye mkeka. Kisha akauliza swali moja tu: "Ile rangi ya sebuleni, mliipaka lini?"

Kaka hakujibu. Mimi nikasema, "Mama, wiki mbili kabla hujaja." Akaitika kwa kichwa, asiseme zaidi. Hakutushitaki, ingawa nadhani angeshinda. Tulimrudishia sehemu ya fedha kidogo kidogo kwa muda wa miaka mitatu, na katika miaka hiyo, kila nilipompelekea, hakunikaribisha tena mkekani. Alizihesabu mlangoni, akatia sahihi, akarudi ndani.

Basi muuzaji aseme nini, na aseme namna gani? Kwanza, aseme kabla ya kupokea arubuni, si baada. Mtu aliyekwisha kutoa arubuni ni kama aliyekwisha kupanda chombo. Hata akiambiwa ya kuwa kinavuja, moyo wake watafuta sababu ya kubaki. (Na arubuni ya nyumba moja ipokewe kwa mtu mmoja. Kuipokea kwa wawili ili kungojea aliye mwepesi wa kulipa ni wizi, wala hauhitaji mazungumzo ya redio.) Pili, amweleze dalali kila kitu, tena mbele ya shahidi, na amwagize naye aseme. Dalali hupata ujira wake siku ya kuuza tu, kwa hiyo ulimi wake hukimbia. Na neno la uongo la dalali wako ni neno lako.

Siyo kila jambo la kusemwa. Sababu ya kuuza ni yako: deni, talaka, au kuhamia kwa watoto, mnunuzi hana haki ya kuijua, isipokuwa sababu yenyewe iwe ni ile dosari. Wengine huuliza kama nyumba ina wenyewe, yaani majini, au kama imekufa mtu ndani. Sina ujuzi wa majini. Lakini ukiulizwa kama alikufa mtu, jibu kweli. Mnunuzi atapima mwenyewe uzito wake. Naye mnunuzi asiyafumbe macho yake. Aende ofisi ya ardhi akaichungue hati, awaulize majirani, amwulize mwenyekiti wa mtaa, na akipata nafasi aje kuitazama nyumba wakati wa mvua. Sheria nayo haimwonei huruma sana mtu ambaye angeweza kujua kwa kuuliza tu. Na hati peke yake haitoshi: mwezi wa Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika shauri la kiwanja cha pwani huko Mombasa, iliamua ya kuwa hati iliyotokana na ugawaji usio halali haimlindi hata aliyenunua baadaye. Kwa hiyo ijue asili ya kiwanja, siyo jina la mwisho tu.

Watu huniuliza, "Nikisema yote, nani atanunua?" Swali hili ni la haki, nami sitalijibu kwa mahubiri. Ukisema yote utapata bei ndogo kuliko aliyeficha. Ni kweli. Lakini hasara hiyo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, na nimejifunza sababu yake mwaka wa 2018 nilipouza nyumba yangu mwenyewe huko Tanga. Choo chake kilikuwa na taabu. Mnunuzi wa kwanza nilimwambia tu, "Choo hujaa upesi," akaogopa, akaenda zake, maana hakujua kama ni taabu ya shilingi elfu hamsini au ya milioni tano. Ndipo nikamwita fundi, akachimba, akatazama, akaniandikia sababu na gharama ya kuchimba shimo jingine upande wa pili wa uwanja. Mnunuzi wa pili nilimpa karatasi ile. Akaisoma, akatoa gharama ile katika bei, akaongeza kidogo kwa usumbufu, tukakubaliana siku ile ile. Dosari isiyopimwa humtisha mtu kuliko iliyopimwa.

Tangu hapo nawashauri jamaa zangu wote kuandika karatasi ya namna hiyo: dosari za ujenzi, za maji, za mpaka, za hati, kila moja kwa mstari wake, isomwe mbele ya mashahidi, itiwe sahihi na pande zote mbili, kila mmoja achukue nakala. Kaka yangu alicheka alipoiona yangu, kisha akaniomba aisome tena. Mstari wa kwanza wasema: "Choo hujaa kila baada ya miezi minne, chini kuna mwamba, fundi ameona." Chini kabisa, baada ya sahihi yake, mnunuzi aliongeza neno moja kwa mkono wake mwenyewe: "Nimeambiwa."